Viraka Amelala kwenye Pedali

Leo siku ya tatu.
Sare za darasa la kwanza zimelundikana, hazina mikono,
na mimi nimekaa mbele ya cherehani kama mgeni,
maana paka amelala kwenye pedali
na mguu wangu hauna pa kukanyaga.

Mara tatu amezaa ndani ya kabati la vitenge.
Safari hii nikasema basi, afungwe kizazi.
Mbwana akampakia kwenye baiskeli,
ndani ya kapu la ukindu, kanga imefungwa juu,
wakateremka Barabara ya Kumi na Mbili
akilia kwa sauti iliyosikika Ngamiani nzima.
Alirudi kimya.
Kimya kile ndicho kilichonitisha.

Daktari Mhando amezoea ng'ombe wa Pongwe,
kiganja chake kimoja chamtosha paka mzima.
Lakini nimemfunua tumbo, nimehesabu mishono:
sita, imekaa sawa, hatua kwa hatua,
uzi haukuvutwa, ngozi haikukunjamana.
Nimewahi kufukuza mafundi wenye mkono mbaya kuliko ule.

"Ni nusukaputi," Mbwana alileta salamu, "itamtoka taratibu."
Neno hilo nalitafuna tangu juzi.
Nusu kaputi.
Na ile nusu nyingine iko wapi,
itarudi kwa njia ipi,
itaijua nyumba?

Bi Mwantumu amechungulia dirishani:
"Huyo kalishwa kitu. Paka halali hivi.
Mpe supu ya pweza."
Nikampa. Akainusa, akageuza uso
kama bibi harusi aliyeletewa mahari pungufu.

Nimempigia daktari mara nne. Hakuchoka, Mungu amlipe.
Anakunywa maji? Kidogo.
Amekojoa? Ndiyo, juu ya kitambaa cha kaki, mita mbili na nusu.
Mfungue mdomo. Ufizi una rangi gani?
Nikasogeza kopo la nyuzi, nikalinganisha.
Si mweupe. Si wa kijivu.
Ni waridi, ule wa gauni la maulidi ya mwaka jana.
"Basi mwache. Ukipauka, au kesho asipogusa chakula,
mlete hata usiku wa manane.
Ini la paka, mama, halina haraka."

Halina haraka.
Nami niliwahi kuteremka kilima cha Bombo
na mishono kumi na mmoja chini ya kitovu.
Siku ya tano wifi yangu akauliza, kwa upole,
tangu lini ndoo ya maji imekuwa nzito hivyo.
Sikuwa na jibu.
Nilidhani uchovu ni haki ya aliyefanya kazi,
na mimi nilikuwa nimelala tu, natazama dari.
Hakuna aliyeniambia kwamba mle ndani, gizani,
kuna fundi anashona bila taa usiku na mchana,
na ujira wake ni nguvu zote za nyumba.

Niliamka. Nikabeba ndoo.
Mpaka leo mvua ikikaribia, upande wa kushoto unanikumbusha.

Mama Shebughe amekuja kudai sare, shule zinafunguliwa Jumatatu.
Alikuja na maneno yake tayari, nimeyaona mdomoni.
Nikamwonyesha pedali.
Akainama, akatazama mbavu zile zikipanda na kushuka,
akavua ndala,
akakaa mkekani akaanza kutoa nyuzi za tandazi,
bila kuulizwa.

Alasiri Viraka amefungua jicho moja.
Ulimi majini, mara mbili. Mara ya tatu.
Akazunguka pale pale, akajikunja upya,
mkia juu ya pua.

Sitamwondoa.
Leo nitashona kwa mkono, sindano nambari tisa,
mikono ya sare kumi na nne, polepole, kando yake.
Tutaona fundi yupi atamaliza kwanza.